Raga ya vyuo: Nguvu za safu ya mbele hujengwa kabla ya msimu kuanza

KENYA haina majira ya machipuko. Katika mji wa Timau, kaskazini mwa Mlima Kenya, mkulima wa ngano, shayiri na viazi huhesabu mwaka wake kwa mvua mbili: masika ya Machi hadi Mei, na vuli ya Oktoba hadi Desemba.

Mwanaraga wa chuo naye ana majira yake. Ni zile wiki chache kati ya Septemba na Novemba, baada ya mashindano ya raga ya wachezaji saba kila upande kumalizika, na kabla ya filimbi ya kwanza ya ligi ya wachezaji 15 kila upande kupulizwa.

Katika wiki hizo ndipo huamuliwa iwapo wachezaji wanane wa mbele wataweza kuhimili msukumo wa wapinzani hadi mwezi Mei, au watakuwa wakirudishwa nyuma kila Jumamosi. Aghalabu swali linalowakosesha makocha wa vyuo usingizi wakati huo halihusu mbio wala pasi. Linahusu safu ya mbele.

Makala haya yanaeleza safu hiyo ni nini, kwa nini imekuwa donda ndugu katika raga ya Kenya, na jinsi chuo kilicho katika nyanda za juu kama Timau kinavyoweza kuijenga bila kuhatarisha shingo za wanafunzi.

Chanzo cha mazoezi ya kabla ya msimu

Mfumo wa kutenga majira maalumu ya mazoezi umekita mizizi zaidi katika vyuo vikuu vya Marekani. Huko msimu wa kandanda ya Kimarekani huanza mwishoni mwa Agosti na kumalizika Januari.

Kisha, kati ya Machi na Aprili, sheria za chama cha michezo ya vyuo, NCAA, huziruhusu timu za daraja la juu kufanya mazoezi 15 ndani ya siku 34. Hakuna mechi ya ligi inayochezwa. Kazi ni kutafuta nani atajaza pengo la waliohitimu.

Pengo linaloleta wasiwasi mkubwa huwa la wale watano wanaosimama mbele ya mpira timu inaposhambulia. Wengi wao hupita kilo 130. Majina yao hayaimbwi na mashabiki, lakini wakishindwa kuwazuia wapinzani, hakuna mwenzao atakayepata nafasi ya kukimbia wala kurusha.

Safu hiyo ya Kimarekani ni mjukuu wa raga. Vyuo vya Marekani vilianza kuchezeana mwaka 1869, Rutgers ilipokutana na Princeton. Mwaka 1880, Walter Camp wa Chuo Kikuu cha Yale alifanikisha badiliko lililoondoa msukumano wa raga na kuweka mstari unaotenganisha pande mbili kabla ya mpira kuanza kuchezwa.

Mabadiliko hayo hayakuondoa hatari. Mwaka 1892 Harvard ilibuni mbinu ya wachezaji kushikamana kwa umbo la kabari na kumvamia mpinzani kwa kasi. Mbinu hiyo ilipigwa marufuku mwaka 1894.

Vifo na majeraha viliendelea hadi Oktoba 1905, Rais Theodore Roosevelt alipowaita wawakilishi wa Harvard, Yale na Princeton katika Ikulu ya White House kujadili usalama wa mchezo huo. Mwaka uliofuata sheria zilibadilishwa, pasi ya mbele ikaruhusiwa, na pande mbili zikatenganishwa na nafasi wazi.

Funzo la historia hiyo linahusu raga pia: nguvu za wengi zikielekezwa mahali pamoja bila utaratibu, huvunja miili ya wachache walio mbele.

Wanane wanaosukuma

Raga haikuondoa msukumano. Iliuhifadhi na kuuita skramu. Mchezaji anapouangusha mpira mbele au kutoa pasi ya mbele, mwamuzi husimamisha mchezo, na wachezaji wanane wa kila upande huinama, hushikana na kusukumana huku mpira ukiingizwa katikati yao na nambari tisa.

Safu ya kwanza ina watu watatu. Wawili wa pembeni huitwa propu, nao huvaa jezi nambari 1 na 3. Wa katikati ni huka, nambari 2, ambaye kazi yake ni kuukokota mpira kwa unyayo kuelekea upande wake.

Nyuma yao hukaa loki wawili, nambari 4 na 5, ambao ndio injini ya msukumo. Flanka wawili, nambari 6 na 7, hushikilia pembeni, naye nambari 8 hufunga mlango wa nyuma.

Kazi ya propu wawili hailingani. Yule wa kushoto, nambari 1, huwa na bega moja lililo huru. Yule wa kulia, nambari 3, huingiza kichwa kati ya wapinzani wawili na kubeba uzito katika mabega yote mawili. Ndiyo maana kocha akiulizwa mchezaji gani ni mgumu zaidi kumpata, mara nyingi atamtaja nambari 3.

Timu ikizidiwa katika skramu hupoteza mengi kwa mpigo. Hupoteza mpira wake yenyewe. Hupewa adhabu msukumano unapoporomoka kwa kosa lake, na adhabu hiyo huweza kuwa pointi tatu za mkwaju au mpira wa kurushwa karibu na mstari wake wa lango.

Zaidi ya hayo, wachezaji wake wa mbele huchoka mapema. Anayerudishwa nyuma mara kumi katika kipindi cha kwanza hawezi kukaba ipasavyo katika dakika 20 za mwisho. Mabeki wenye mbio hubaki wakingoja mpira usiofika.

Kwa nini Kenya ina wasiwasi

Sifa za Kenya katika raga zimetokana na miguu. Aprili 2016, timu ya taifa ya wachezaji saba kila upande ilitwaa taji la Singapore kwa kuilaza Fiji 30-7 katika fainali. Mwezi uliofuata, Collins Injera alivunja rekodi ya miguso mingi zaidi katika msururu wa dunia wa mchezo huo.

Lakini skramu ya raga ya wachezaji saba ina watu watatu tu kila upande, na hudumu kwa muda mfupi mno. Mchezaji mwenye kilo 95 na mbio nyingi hutosha kuwa propu huko. Katika raga ya wachezaji 15, mtu huyohuyo huenda akawa mwepesi hata kwa nafasi ya flanka.

Timu ya taifa ya wachezaji 15, Simbas, haijawahi kufuzu kwa Kombe la Dunia, ingawa imewahi kufika mlangoni zaidi ya mara moja.

Mwaka 2014 mjini Antananarivo, Madagascar, Kenya iliishinda Namibia 29-22 katika mechi ya kwanza ya mashindano ya kufuzu. Ilipokutana na Zimbabwe siku ya mwisho, ililala 28-10, na Namibia ndiyo iliyofuzu kwa Kombe la Dunia la 2015.

Mwaka 2018, Simbas walipigwa na Namibia 53-28 mjini Windhoek. Walipopewa nafasi ya pili mjini Marseille, Ufaransa, mwezi Novemba mwaka huo, walifungwa na Canada 65-19, Ujerumani 43-6 na Hong Kong 42-17.

Julai 2022 walifika fainali ya Afrika nchini Ufaransa, Namibia ikawalaza 36-0. Novemba mwaka huo, mjini Dubai, walifungwa 68-14 na Marekani, 85-0 na Ureno, na 22-18 na Hong Kong. Tiketi ya Afrika ya Kombe la Dunia la 2027 ilichukuliwa na Zimbabwe, iliyoishinda Namibia 30-28 katika fainali iliyochezwa Kampala Julai 2025.

Itakuwa si haki kuzitupia skramu pekee lawama za matokeo hayo yote. Kuna masuala ya fedha, maandalizi na idadi ya mechi za kimataifa. Hata hivyo, mataifa yaliyoiadhibu Kenya kwa mabao makubwa yana jambo moja kwa pamoja: vijana wao wa mbele hufunzwa kazi hiyo kwa miaka mingi kabla ya kufika timu ya taifa.

Hapo ndipo vyuo vinapoingia. Mchango wao katika raga ya Kenya si mdogo. Mean Machine ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliundwa mwaka 1977 na ikatwaa taji la Kenya Cup mwaka huohuo. Blak Blad ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, Strathmore Leos, Egerton Wasps, Monks wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki na MMUST ya Kakamega ni majina yanayofahamika kwa kila mfuasi wa mchezo huu.

Uzito peke yake hautoshi

Hesabu ya uzito ni rahisi na ya kutisha. Wachezaji wanane wenye wastani wa kilo 95 hufikisha kilo 760. Wanane wa timu kubwa ya kimataifa, wenye wastani wa kilo 112, hufikisha kilo 896. Tofauti ni kilo 136, sawa na kusukumana na mchezaji wa tisa aliye mzito kuliko yeyote uwanjani.

Lakini uzito hausukumi wenyewe. Unasukuma pale tu mgongo unaponyooka, nyonga zinapokuwa chini, miguu inapokanyaga kwa wakati mmoja na mikono inaposhika barabara. Propu wa kilo 120 aliyesimama wima hunyanyuliwa na mwenzake wa kilo 100 aliyeinama vyema.

Ushahidi ulionekana Septemba 19, 2015 mjini Brighton, Uingereza. Japan, iliyosifika kwa miaka mingi kuwa na wachezaji wadogo wa mwili, iliishangaza Afrika Kusini kwa kuilaza 34-32 katika Kombe la Dunia.

Dakika za mwisho Japan ilikuwa nyuma kwa pointi tatu. Ilipopewa penalti, ilikataa mkwaju wa kusawazisha na kuchagua skramu. Mguso wa ushindi ulitokana na mashambulizi yaliyoanzia hapo. Timu isiyoamini safu yake ya mbele haiwezi kufanya uamuzi wa aina hiyo dhidi ya Afrika Kusini.

Imani hiyo haikuletwa na chakula pekee. Japan ilikuwa na kocha maalumu wa skramu, Mfaransa Marc Dal Maso, aliyewafunza wachezaji kuinama chini zaidi na kusukuma kwa pamoja.

Timau: Mwinuko, baridi na udongo

Timau iko katika eneobunge la Buuri, Kaunti ya Meru, kando ya barabara kuu inayotoka Nanyuki kuelekea Isiolo na Meru. Ni zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Eneo hili lina desturi ya michezo ya nyanda za juu, kwani mbio za Lewa, katika hifadhi iliyo jirani, zimekuwa zikivutia wanariadha tangu mwaka 2000.

Kinachomfaa mwanariadha mwepesi si lazima kimfae propu. Katika mwinuko huo, hewa anayovuta mchezaji hubeba takriban robo pungufu ya oksijeni ikilinganishwa na pwani ya Mombasa.

Msukumo mmoja wa skramu huchukua sekunde chache, na misuli huweza kuufanya bila kutegemea sana oksijeni. Taabu huja baadaye. Mchezaji mzito anahitaji kuirejesha pumzi kabla ya msukumo wa pili, wa tatu na wa nne, na nyanda za juu humnyima haraka hiyo.

Kwa sababu hiyo, mwanafunzi aliyetoka Mombasa au Kisumu hastahili kupimwa nguvu siku anayoshuka kwenye matatu. Siku za mwanzo apewe mazoezi mepesi na maji ya kutosha. Mapumziko kati ya misukumo yawe marefu, kisha yapunguzwe wiki baada ya wiki.

Baridi nayo ina masharti yake. Asubuhi za Timau hukaza misuli, na shingo iliyokaa bila kupashwa moto ni hatari kuipeleka katika skramu. Mazoezi ya msukumano yafaa yafanywe alasiri, baada ya dakika 15 au 20 za kuuamsha mwili.

Jambo la tatu ni udongo. Kabla ya vuli uwanja huwa mkavu na mgumu, hivyo njumu hukosa mshiko. Mvua ikinyesha, nyasi hung'oka na miguu huteleza. Hali zote mbili huporomosha skramu. Kocha mwangalifu huukagua uwanja kabla ya kuita wachezaji, na akiuona haufai hufundisha siku hiyo mambo mengine.

Chakula cha bweni

Wataalamu wa lishe ya michezo hupendekeza takriban gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku kwa mtu anayejenga misuli. Kwa mwanafunzi wa kilo 95, hizo ni gramu 152.

Yai moja lina takriban gramu 6. Glasi ya maziwa ya mililita 250 ina gramu 8. Kikombe cha maharagwe yaliyopikwa kina gramu 15. Mayai manne, glasi tatu za maziwa na vikombe viwili vya maharagwe humpa gramu 78, karibu nusu ya mahitaji yake. Kiasi kinachosalia kinaweza kutoka katika ndengu, nyama, omena na hata ugali na chapati.

Timau haina uhaba wa viazi, maziwa wala maharagwe. Uhaba ni wa pesa mfukoni mwa mwanafunzi. Chuo kinachomdai propu wake aongeze kilo, ilhali kinampa kipimo cha githeri sawa na cha mwenzake wa kilo 60, kinajidanganya.

Vilevile, mwili una kasi yake. Ongezeko la robo hadi nusu kilo kwa wiki ndilo linaloweza kutegemewa kuwa na misuli ndani yake. Kwa wiki nane, hizo ni kilo mbili hadi nne. Anayemwambia kijana wa kilo 85 kwamba atakuwa na kilo 105 ifikapo Novemba anamwelekeza kwenye kitambi au kwenye dawa.

Hatari ya dawa si ya kufikirika. Tangu sheria ya mwaka 2016 iliyounda Shirika la Kupambana na Matumizi ya Dawa za Kusisimua Misuli Kenya, ADAK, mchezaji huwajibika mwenyewe kwa chochote kinachopatikana mwilini mwake. Poda ya dukani isiyojulikana viungo vyake huweza kumfungia mwanafunzi nje ya mchezo kwa miaka.

Ratiba ya wiki nane

Maadamu kilo haziwezi kuongezwa kwa haraka, muda uliopo utumike zaidi kufunza namna ya kusukuma. Mpangilio unaofuatwa na makocha wengi huenda hatua kwa hatua, kutoka mtu mmoja hadi wanane.

Wiki ya kwanza na ya pili ni za mwili mmoja mmoja: kuchuchumaa na uzito, kunyanyua uzito kutoka chini, kujenga mgongo na mazoezi ya shingo. Mchezaji hujifunza kukaa katika umbo la kusukuma, mabega yakiwa juu kidogo ya nyonga, bila mtu mbele yake.

Wiki ya tatu na ya nne, mmoja hukabiliana na mmoja, kisha safu ya watatu na nyingine. Nguvu haitumiki yote. Kinachotafutwa ni mshiko wa mkono, mahali pa kichwa na uthabiti wa mgongo.

Wiki ya tano na ya sita, loki huongezwa, na baadaye wanane wote husukuma mashine ya skramu. Chuo kisichokuwa na mashine hutengeneza sleji ya mbao, kikaifunika mbele kwa magodoro magumu na kuipakia magunia ya mchanga. Sleji ya aina hiyo hutosha kufunza wachezaji kukanyaga kwa mpigo mmoja.

Wiki ya saba na ya nane, wanane hukutana na wanane. Misukumo iwe michache na isimamiwe na mtu anayejua sheria. Misukumo kumi inayofanywa kwa utaratibu humfaa mchezaji kuliko 40 ya kuporomoka.

Ratiba hii inawahusu pia wasichana. Timu za wanawake vyuoni husukuma kwa sheria zilezile, na mara nyingi wachezaji wao huanza raga wakiwa wameingia chuoni. Kwao hatua za mwanzo zinastahili muda mrefu zaidi.

Shingo haina akiba

Skramu inapoporomoka, uzito wa watu kadhaa huweza kumwangukia mmoja aliyeinamisha kichwa. Mshipa unaovutika hupona kwa wiki, lakini uti wa mgongo ukijeruhiwa shingoni huweza kumfanya kijana asitembee tena.

Ndiyo sababu shirikisho la dunia limekuwa likibadilisha utaratibu wa skramu. Tangu mwaka 2013 mwamuzi hutoa amri tatu: kuinama, kushikana, kisha kuanza. Propu hulazimika kumshika mpinzani kabla ya pande mbili kugusana mabega. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, ulionyesha kuwa utaratibu huo hupunguza nguvu za mgongano kwa takriban robo.

Mwaka 2022 sharti jingine liliongezwa: huka atangulize mguu mmoja mbele kama breki, ili uzito usiangukie shingo kabla ya amri ya kuanza.

Katika mashindano ya walio chini ya miaka 19, timu hairuhusiwi kuisukuma nyingine zaidi ya mita moja na nusu. Wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza wana miaka 18 au 19, na huenda wakatoka katika sheria hiyo na kukutana ghafla na wanaume wa miaka 30 wa klabu kubwa. Mpito huo ndio unaohitaji jicho la kocha kuliko jambo jingine lolote.

Mwaka 2017 ilizinduliwa programu ya mazoezi ya kuzuia majeraha iitwayo Activate. Katika shule za Uingereza ilikojaribiwa, majeraha na mitikisiko ya ubongo ilipungua kwa zaidi ya nusu katika timu zilizoifanya mara tatu kwa wiki. Haihitaji vifaa vya gharama. Mazoezi ya shingo na ya kusimama kwa mguu mmoja ni sehemu yake.

Mtihani mgumu zaidi humfikia kocha asubuhi ya mechi. Sheria inataka timu yenye wachezaji 23 iwe na sita waliofunzwa safu ya kwanza. Chuo kilicho na watatu au wanne hukumbwa na kishawishi cha kumtwika jezi nambari 3 mwanafunzi yeyote mnene aliyepo.

Hilo halifai asilani. Sheria imeweka njia ya kutokea: skramu isiyo na msukumo, ambapo pande mbili hushikana na mpira hutolewa bila kushindana. Huenda timu ikakosa faida na mashabiki wakanung'unika, lakini mwanafunzi atarudi bwenini kwa miguu yake.

Mchezaji akilalamika maumivu ya shingo au ganzi mikononi baada ya skramu kuporomoka, asinyanyuliwe wala kugeuzwa kichwa. Mchezo usimamishwe hadi wahudumu wa afya wafike. Kwa timu inayochezea Timau, hospitali kubwa zilizo karibu ni za Nanyuki na Meru, na ya Nanyuki, takriban kilomita 20, ndiyo ya karibu zaidi. Ambulansi ipangwe kabla ya mechi, si baada ya jeraha.

Anayekomaa akiwa ameondoka

Kuna ugumu mmoja ambao ratiba ya wiki nane haiwezi kuutatua. Propu huchelewa kukomaa. Wengi hufikia kilele chao baada ya umri wa miaka 25, ilhali mwanafunzi wa Kenya aghalabu huhitimu akiwa na miaka 22 au 23.

Chuo humfunza kijana kuinama, kushika na kusukuma, na anapoanza kuimudu kazi hiyo hukabidhiwa cheti na kuondoka. Mavuno huchukuliwa na klabu zenye waajiri nyuma yake. Kuanzia mwaka 2015 hadi 2024, taji la Kenya Cup halikutoka mikononi mwa KCB, timu ya benki, na Kabras, timu ya kiwanda cha sukari cha Kakamega.

Vyuo haviwezi kuzuia wahitimu wao, wala havistahili. Vinachoweza ni kupanga urithi. Kila propu wa mwaka wa nne awe na mwanafunzi wa mwaka wa pili anayemfuata, na wa mwaka wa kwanza anayetazama. Huyo wa mwaka wa kwanza acheze timu ya pili msimu mzima kabla ya kuitwa timu kubwa, hata kama ana kilo 110 na jezi inamkaa vizuri.

Timu yenye mpangilio huo haianzi upya kila Septemba. Waliohitimu wanapoondoka, nambari 3 wa mwaka uliopita huwa tayari ameshamwonyesha mwenzake mahali pa kuweka kichwa.